Neno "ujamaa" libaki kwenye Katiba au litoke?

Mwanzisha mada:
Wakuu, Ibara ya 3 inasema Tanzania ni nchi ya kidemokrasia na ya kijamaa. Wapo wanaotaka neno la pili lifutwe, eti ujamaa ulishakufa. Nami nauliza, ujamaa upi?

Katika kijitabu cha Nyerere cha 1962 ujamaa ni undugu uliotanuliwa: ukoo unaotunzana, na mgeni ambaye siku ya tatu anapewa jembe. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha. Benki zikataifishwa, na kiongozi akakatazwa kupangisha nyumba au kupokea mishahara miwili. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama kikalegeza masharti yale ya viongozi.

Sasa someni Ibara ya 151, inayofafanua maneno. Ujamaa humo ni demokrasia, kujitegemea, uhuru, haki, usawa, udugu na umoja. Nani atapinga hayo? Bepari anasaini bila kusoma. Neno lililokuwa linamnyima waziri nyumba ya kupangisha sasa halimnyimi mtu chochote. Msimamo wangu: libaki, ila lirudishiwe makali ya 1967.

Mchangiaji wa kwanza:
Kwetu hatukusoma kijitabu. Tuliona lori. Bibi yangu alishushwa na vyungu vyake mahali pasipo na maji, shamba la mihogo likabaki nyuma. Mpaka anafariki, kwake "ujamaa" lilikuwa jina la safari ile. Huwezi kumwambia mtu kama huyo kwamba maana halisi ni undugu. Litoke.

Mchangiaji wa pili:
Mkuu, umeruka Ibara ya 9. Bado inataka njia kuu za uchumi zisirundikane kwa watu wachache. Makali yapo.

Mwanzisha mada:
Yapo kwenye karatasi. Ibara ya 7 inasema hakuna mahakama yenye uwezo wa kuamua kama serikali imeyatimiza hayo ya Ibara ya 9.

Na ndugu wa kwanza, pole sana kwa bibi. Umenigusa. Sitamtoa kwenye maana ya neno. Kama linabaki, basi ufafanuzi wake useme wazi kwamba hakuna mtu atakayehamishwa kwa nguvu kwa jina la ujamaa. Ukiandikwa hivyo, wewe bado utataka litoke?