Msumeno usio na chapa: muuzaji ana haki ya kuupa jina la kiwanda?

MLETA MADA (Ilemela)

Wanajamvi, hoja hii inanikera tangu msiba wa babu yangu, fundi wa mitumbwi kule Ukerewe. Baada ya arobaini tuligawana vifaa vyake, nami nikapata msumeno wa kupasulia: bapa pana, mgongo umeingia ndani kidogo, mpini mweusi kwa jasho la mikono. Chapa hauna. Nikaupeleka kwa muuzaji mmoja wa vitu vya zamani hapa mjini, kuuliza tu. Hakuufungua mpini wala kuusafisha. Alitazama mgongo akasema, "Hii Disston ya Marekani," akanitajia bei. Wiki mbili baadaye nikakuta mezani kwake misumeno mitatu ya wazee wetu, yote haina chapa, yote imefungiwa karatasi yenye jina hilohilo.

Swali: muuzaji, au hata anayeandaa maonyesho ya vifaa vya mafundi wa Ziwa, ana haki ya kuandika jina la kiwanda ambalo msumeno wenyewe hausemi? Mimi nasema hana.

Mgongo ulioingia ndani ni kweli ulipata umaarufu kwa D-8, msumeno ambao kiwanda cha Henry Disston kule Philadelphia kilianza kuutoa mwaka 1874. Lakini wengine waliuiga, hadi likawa umbo la kawaida. Sasa mgongo utathibitishaje jina? Kuna na kosa la maandishi. Kile kidude cha shaba cha mviringo kwenye mpini kikiwa kimeandikwa "Warranted Superior", watu hudhani ni jina la kampuni. Si jina. Ni maneno yaliyowekwa kwenye misumeno ya daraja la pili au iliyotengenezewa maduka, na viwanda vingi viliyatumia, Disston, Atkins na Simonds wakiwemo. "Cast Steel" nayo inataja aina ya chuma, ile ya kuyeyushwa kwenye vyungu ambayo Benjamin Huntsman aliianzisha Sheffield miaka ya 1740. Inakutwa kwenye misumeno ya watengenezaji wengi mno.

Nilipoufungua wa babu nikakuta bapa lina matundu matano, na boliti ni tatu. Mawili yako tupu, yamefichwa na mpini, yaani ni ya mpini wa awali. Mpini wenyewe ni mninga. Nawasilisha.

MUUZA VITU VYA KALE (Mwanza mjini)

Ndugu mleta mada, unatuonea. Mteja haji kuuliza matundu, anauliza "ni wa nani?" Nikisema sijui, anaondoka. Na si kweli kwamba tunabahatisha tu. Nati bapa zenye mikato miwili, zinazolala sawa na mbao, ni za zamani kuliko zile za kichwa cha mviringo zilizoenea mwishoni mwa miaka ya 1880. Kale kajino kadogo mgongoni karibu na ncha, unene wa bapa unaopungua kutoka kwenye meno kwenda mgongoni, umbo la pembe za mpini: vyote vinazungumza. Mtu aliyeshika misumeno mia ana macho ambayo wewe mwenye mmoja huna.

FUNDI WA MITUMBWI (Mwaloni, Kirumba)

Nimesoma wote wawili. Mimi kwanza nataka kulia na wanaosafisha kwa grenda na brashi ya waya. Hao ndio wanaoua ushahidi. Chapa nyingi hazikugongwa, zilichorwa kwa asidi juu juu ya chuma, na kutu ikishakula kinabaki kivuli chembamba kuliko karatasi. Ukipitisha grenda, basi, umekwisha. Chukua msasa wa maji ulio laini, uzungushie kipande cha mbao kilichonyooka, tia mafuta ya taa, usugue taratibu kufuata urefu wa bapa, usizungushe. Simama kila mara uinamishe bapa kwenye mwanga wa asubuhi. Niliwahi kusugua msumeno siku mbili, nikaona samaki na ndoana. Ni Sandvik ya Sweden. Mwenye msumeno alikuwa ameshauza mingine miwili kama vyuma chakavu.

Muuzaji macho anayo, sikatai. Lakini yale aliyotaja yanaonyesha umri na ubora wa kazi, hayafiki kwenye jina la kiwanda. Na meno je? Meno ya misumeno yetu si ya kiwandani tena. Tumeyapiga tupa miaka na miaka, tumeyapanua ili yasibanwe na mbao mbichi, mengine tumeyakata upya kabisa.

MWALIMU WA HISTORIA (Nyamagana)

Naongeza njia za bidhaa. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, mizigo ikavuka Ziwa kwa meli. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya Vita ya Kwanza tulikuwa chini ya Wajerumani, na mji wao wa Remscheid ni wa watengeneza zana. Halafu Waingereza, na Sheffield yao, ambako msumeno ulipita mikono mingi: mwenye kusaga bapa huyu, mwenye kuchonga mpini yule. Kudhani Marekani kwanza, hapa Mwanza, kunahitaji sababu.

MLETA MADA

Shikamoo Mzee wa Mwaloni. Nimefanya ulivyoelekeza jana na leo asubuhi. Hakuna herufi iliyotokea. Chini ya mpini, mahali ambapo kutu haikufika, chuma ni safi na hakina kitu.

Ndugu muuzaji, nakubali hoja yako nusu. Andika umri unaoukadiria, andika "inaelekea ni ya Uingereza" kama unazo sababu, na uzitaje. Nakataa jina tu. Anayenunua kwa jina analipa fedha zake kwa kitu ambacho wewe hujakiona. Tena ukibandika Disston kwenye mpini wa mninga uliochongwa Ukerewe, unamfuta mtu pekee ambaye kazi yake inaonekana wazi kwenye kifaa hicho. Kila nikikishika kidole changu kinaingia kwenye bonde alilolichonga kwa ajili ya kidole chake, na hilo linaniuma kuliko bei.

Wa kwangu siuuzi. Karatasi niliyoufungia nimeandika hivi: "Msumeno wa kupasulia. Kiwanda hakijulikani, bapa lina matundu mawili ya mpini wa awali. Mpini wa mninga, umechongwa Ukerewe. Meno yamekatwa upya kwa mkono." Mwenye misumeno ya wazee wake na aandike yake hapa chini, matundu mangapi, nati za aina gani.