Singapore au Kuala Lumpur? Nakata tiketi kabla ya Ijumaa

Mzee_wa_Masafa: Wakuu, habari za jioni. Nina likizo ya siku sita mwezi wa tano, nataka kuionja Asia. Nimebakiza majiji mawili, Singapore na Kuala Lumpur. Napenda miti, watu mchanganyiko, na kula ndio usiseme. Nauli nilizoona hazipishani sana. Twende wapi?

Kipepeo_Tanga: "Twende" na nani? Unatokea wapi, pasi ya wapi, mfuko ukoje? Watu mnaleta uzi nusu halafu mnataka jibu zima.

Bin_Forodha: Singapore, sina maneno mengi. Wachina, Wamalei na Watamil, kila mmoja na jiko lake, na wote wanakula chini ya paa moja kwenye yale masoko ya chakula. Nasi lemak ni wali wetu huu huu wa nazi, pembeni dagaa wa kukaanga, karanga, tango, yai na pilipili yao ya sambal. Harufu ilivyonijia pale Kampong Glam, karibu na Msikiti wa Sultan, nilijiona nipo Ng'ambo.

Mzee_wa_Masafa: Samahanini. Pasi ya Tanzania, natokea Dar, mimi na bi mkubwa. Ana miaka 67 na magoti yanamsumbua. Bajeti ya kawaida.

Kipepeo_Tanga: "Ya kawaida" ndio shilingi ngapi? Na magoti ulitakiwa kuanza nayo! Ukienda KL kila mtu atakwambia Batu Caves, yale mapango yenye hekalu: ngazi 272, jua la utosi, na kima wanaopora ndizi. Mama atabaki chini analinda mikoba.

Ringgit_Mfukoni: Msimtishe, Batu Caves si lazima. KL malazi ni nafuu mno, na chakula cha halali kipo kila kona. Singapore inabidi uangalie cheti kibanda kwa kibanda, hata pa kurudishia sinia pametengwa, za halali huku na nyingine kule.

Mimi Singapore sirudi. Nilichukua hoteli mtaa wa Little India, pichani kitanda kizuri na pazia la bluu. Nimefika saa tano usiku, navuta pazia nipate hewa: ukuta. Ukuta kabisa, umepakwa rangi ya maziwa. Kushuka mapokezi naambiwa nilichagua chumba kisicho na dirisha, imeandikwa. Kweli imeandikwa, kwa herufi za sisimizi. Kuhamia chenye dirisha, niongeze hela. Nikakomaa. Kesho yake nimeamka nikidhani alfajiri, kumbe saa tano asubuhi, ratiba yote imekufa. Na amana yangu ilirudi kwenye kadi baada ya wiki tatu.

Bin_Forodha: Sasa hapo kosa la Singapore au la macho yako?

Ringgit_Mfukoni: La pazia.

Salma_Kisauni: Kwa mama mwenye magoti, Singapore. Stesheni za treni zina lifti. Botanic Gardens ipo tangu 1859, kuingia bure, mwaketi tu kivulini. Jioni mpeleke Gardens by the Bay, ile miti ya vyuma yawaka taa kwa muziki saa 1:45 na 2:45 usiku, hulipi kitu. Sisi tulilala chali kwenye saruji kama watoto.

Ila mukiona pakiti ya tishu juu ya meza ya chakula, si takataka, ni mtu ashashika nafasi yake. Mume wangu alizifutia mdomo. Mwenyewe akaja na bakuli la laksa, ile supu yao ya tambi, mkononi, akasimama akimwangalia.

Kipepeo_Tanga: 😂😂 Na doriani, lile tunda la harufu kali, huruhusiwi kupanda nalo treni, kuna alama kabisa.

Bin_Forodha: Doriani ya kweli iko Unguja, hizo za kwao sukari tu.

Ringgit_Mfukoni: Umeshaonja Musang King wewe? Na hizo wanazokula Singapore nyingi zinatoka Malaysia. Hapo tu KL imeshinda.

Bin_Forodha: Nimeonja. Narudia, Unguja.

Mzee_wa_Masafa: Je, nikifanya yote mawili? Nasikia kuna basi kati yake, mwendo wa saa tano au sita.

Kipepeo_Tanga: MAGOTI, mkuu. Na bajeti hujataja mpaka sasa.

Salma_Kisauni: Visa hamuhitaji kote kuwili. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano mubebe, na fomu ya kuingilia mujaze mtandaoni siku tatu kabla. Ni bure, musije mukalipa tovuti za ujanjaujanja.

Mzee_wa_Masafa: Nimemuuliza mwenyewe. Kasema popote, mradi chumba kiwe na dirisha.

Bin_Forodha: Aliye Dar, doriani zinauzwa wapi wiki hii? Mate yananitoka.