Ndugu yangu, masikio na macho: akubali koklea au asubiri?

Mama Nasra, Leicester

Assalaam aleikum jamaa wa Lamu na Malindi mlio huku nje,

Nina ndugu yangu mdogo, tunaishi naye hapa. Tangu utotoni kwetu Langoni alikuwa hasikii vizuri. Alipokuja huku akapewa mashine za masikio, akasoma, akafanya kazi. Siku hizi mashine hazimfai tena. Hata zikiongezwa sauti anapata makelele tu, maneno hayashiki. Halafu likazuka la macho. Magharibi ikiingia anaanza kugonga viti, na ukimpa mkono kutoka ubavuni hauoni. Wamempima wakasema ni ugonjwa wa Usher, wa kuzaliwa nao, unaochukua masikio na macho.

Sasa kitengo cha masikio kinataka kumfanyia tathmini ya kuwekewa koklea, kifaa cha umeme kinachopandikizwa kwa upasuaji ili kumsikizisha. Yeye anasema tusubiri. Mama huko nyumbani akisikia upasuaji yuwasema, "Mwanangu hapasuliwi kitwa mimi ni hai." Jirani keshasema ni kijicho. Nataka kusikia kutoka kwa aliyepitia, si kwa aliyesimuliwa.

---

Mzee wa Barani, Birmingham

Waaleikum salaam Mama Nasra, na pole. Mimi ni wa Malindi, nina Usher, na nimewekewa masikio yote mawili. Nitakwambia nilivyoona, na mengine mtauliza hospitali.

Kwanza la jirani liondoe. Usher ni jeni. Baba anabeba jeni moja mbovu, mama anabeba nyingine, wote wawili wazima kabisa wala hawajui. Mtoto akizichukua zote mbili ndipo ugonjwa unatokea. Hakuna aliyemtazama vibaya, wala Mama hakufanya kosa lolote alipokuwa na mimba. Mwambieni hivyo waziwazi, maana wazee wetu wanabeba lawama hiyo moyoni na hawasemi.

Pili, hili la kusubiri. Asiyesikia mwenye macho mazima ana akiba yake: anasoma midomo, anaangalia mikono, anafuata maandishi kwenye televisheni. Akiba ya ndugu yako inapungua kila mwaka. Leo ni giza na pembeni, baadaye jicho linabaki na tundu dogo la katikati. Jiulizeni usiku anasikia nini. Taa ikizimwa, midomo haionekani, basi hana kitu. Mimi hicho ndicho kilichonitoa nyumbani nikaenda kusaini. Na kujifunza kusikia upya ni rahisi zaidi ukiwa bado unaweza kumwona anayekufundisha au kusoma neno huku unalisikiliza.

Sasa mambo ya hapa Uingereza, na haya yaandikeni. NHS, huduma ya afya ya serikali, hufuata mwongozo wa NICE, taasisi inayoamua matibabu gani yatolewe, uliorekebishwa 2019. Mtu mzima huangaliwa kama bila mashine hasikii mpaka sauti ifike desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti) au zaidi, kwenye masafa mawili au zaidi kati ya hertsi 500 na 4000 (kuanzia sauti nzito hadi nyembamba), masikio yote mawili. Kisha hupimwa maneno akiwa amevaa mashine. Kwa kawaida mtu mzima hupewa sikio moja tu. Lakini aliye kipofu, au mwenye ulemavu mwingine unaomfanya ategemee masikio kujua kilicho wapi, anaruhusiwa mawili. Sababu yake inaeleweka: kwa sikio moja utasikia gari, hutajua linatokea upande gani. Ila mawili ni kwa operesheni moja. Kuweka moja sasa na kurudi baadaye kudai la pili, mwongozo haupendekezi. Kwa hiyo habari ya macho iingie kwenye faili la masikio KABLA ya uamuzi. Usidhani kliniki ya macho na ya masikio zinazungumza kwa sababu ziko jengo moja. Barua ya daktari wa macho, na cheti cha upungufu wa kuona kama anacho, vibebeni kwa mkono.

Kipimo cha maneno kina mtego kwetu. Unasomewa maneno mafupi ya Kiingereza na unayarudia, wanahesabu sauti ulizopata. Ndugu yako akikosa, amekosa kusikia au hajui neno? Na kinyume chake, mjanja wa kubahatisha anaonekana anasikia kuliko anavyosikia. Mwongozo huohuo unasema kama hakuna kipimo cha lugha anayoimudu, njia nyingine za tathmini zifikiriwe. Semeni mapema kwamba lugha yake ya nyumbani ni Kiswahili.

Operesheni yenyewe: Mama aambiwe ubongo hauguswi. Wanachana nyuma ya sikio, wanachonga kidogo mfupa, wanalaza kifaa chini ya ngozi na kupitisha uzi mwembamba wenye elektrodi, vipande vidogo vya kupitisha umeme, ndani ya koklea yenyewe, ile konokono ya sikio la ndani. Ni saa chache chini ya nusukaputi, na wengi hulala nyumbani siku hiyo au ya pili yake. Atachanjwa dhidi ya vijidudu vya homa ya uti wa mgongo, asiikwepe chanjo hiyo. Hatari zipo: kizunguzungu, ladha kubadilika, mara chache mshipa wa uso kuguswa. Na usikivu mdogo uliobaki unaweza kwenda wote. Hilo msimfiche.

Baada ya wiki kadhaa ndipo wanakupa kifaa cha nje, kinachoshikwa kichwani kwa sumaku, na kukiwasha. Watu wanatazama zile video za mtu anayelia kwa furaha siku ya kuwashwa. Mimi nilisikia milio na watu wanaozungumza kama bata, nikataka kukivua. Sauti inakuja ikieleweka miezi inavyokwenda, kwa mazoezi. Dawa yangu ilikuwa Juzuu Amma. Sura unazozijua kwa moyo ni zoezi zuri kuliko karatasi zao, kwa sababu kila neno unalijua linakuja, na kisomo ni cha taratibu. Kutoka hapo nikaenda kwenye sauti za WhatsApp za dada yangu, nazisikiliza zinaingia moja kwa moja kwenye kifaa, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwisho nikafika taarifa ya habari redioni.

Muziki ni habari nyingine. Elektrodi ni 12, 16 au 22 kulingana na kampuni, na kwa idadi hiyo taarab haipiti sawasawa. Mdundo naupata, maneno nayapata, udi na fidla vimekorogana. Wengine huendelea vizuri kuliko mimi. Asiyeambiwa hili mapema huja kulia.

Udhu na kuoga havina shida, cha nje unakivua na cha ndani kimefunikwa na ngozi. Ile sumaku ya kichwani haigombani na kofia. Ukilala unakivua na hapo huna sikio tena, kwa hiyo Alfajiri unaamshwa na kitetemeshi chini ya mto.

---

Bint Malindi, Toronto

Nyongeza ndogo. Mwanangu ana koklea kwa sababu ya homa ya uti wa mgongo. Kwa aliyepata uziwi kwa homa hiyo, asikae kusubiri hata kidogo: koklea inaweza kuota mfupa ndani na uzi ukashindwa kupita. Usher haina haraka ya namna hiyo.

Ninalotaka kusema hasa ni la kwenda nyumbani. Kampuni kubwa ni tatu, Cochlear ya Australia, MED-EL ya Austria na Advanced Bionics. Wakikupa nafasi ya kuchagua, acha rangi na umbo, uliza nani ana wakala Kenya. Huko kwenu Uingereza kifaa cha nje kwa kawaida ni cha NHS na wanakitengeneza. Ukirudi Lamu kuishi moja kwa moja, nyaya, betri na kifaa kipya ni juu yako, na si bei ya sokoni.

Kwa likizo: chukua betri za kutupa pamoja na za kuchaji, umeme mnaujua. Nunua kisanduku cha kukaushia, kila usiku kiingie humo, kwa sababu jasho na hewa ya chumvi ndivyo vinavyokula mitambo. Ukishuka uwanja wa ndege wa Manda, kabla ya kuingia kwenye boti kivue ukifunge kwenye mfuko usiopenya maji. Hata kama karatasi inasema hakiogopi maji, maji ya bahari ni mengine. Mchanga wa Shela vilevile. Na kadi ya koklea iwe pamoja na pasipoti, mashine za uwanja wa ndege zinaweza kupiga kelele.

---

Mtu wa Pate, Minneapolis

Nimesoma yote. Mimi ni kiziwi, sina koklea na sitaki. Lugha yangu ni ya ishara, ya Kenya kwanza, ambayo Katiba ya 2010 inaitambua, na sasa ya Marekani, ambazo hazifanani. Nina rafiki asiyeona wala kusikia. Tunazungumza kwa kushikana mikono, ishara anazipokea kwa kugusa. Anafanya kazi, ana watoto.

Sisemi ndugu akatae. Ya Mzee wa Barani yana maana kwa mtu aliyekulia kwenye maneno ya mdomo. Nasema ajifunze na hiyo njia ya mikono sasa, akiwa bado anaona, kwa sababu betri huisha na kifaa huvuliwa usiku. Na huko kwenu kuna fimbo ya mistari myekundu na myeupe, ya asiyeona na asiyesikia. Aichukue. Vijana wengi wanaionea haya mpaka wagongwe.

Lakini Mama Nasra, mtu mwenyewe yuko wapi? Mnamjadili mtu mzima kama mnamtafutia shule.

---

Ndugu mwenyewe, Leicester

Nipo. Dada alinionyesha alipokwisha kuuliza, ndivyo alivyo.

Mama si sababu yangu. Nilimpigia kwa video nikamwonyesha picha ya mtu aliyefanyiwa, kovu nyuma ya sikio tu, akauliza kama nywele zitaota. Kinachonizuia ni sikio la kulia. Bado linapata sauti nzito: injini ya boti, matwari ya maulidi pale msikiti wa Riyadha. La kushoto lishakufa, walichukue. Lakini Mzee wa Barani anasema ni mawili kwa pamoja au moja tu, na kilichobaki kinaweza kwenda. Na vichochoro vya kwetu, punda akija nyuma usiku, nataka kujua yuko upande gani. Hapo ndipo nilipokwama, si kwenye kisu.

Nitawauliza kama wana elektrodi zile laini, za kujaribu kulinda usikivu uliobaki, na mara ngapi kwa mikono yao wenyewe usikivu wa mtu umebaki. Nataka jibu la hospitali ile, si la vitabu. Wakinijibu vizuri, yote mawili. Wakizunguka, la kushoto.

Mzee, ningependa nikupigie, kwa maandishi, unieleze ngoma unazisikiaje sasa. Mtu wa Pate, fimbo nimeiagiza.

Tathmini ni mwezi ujao. Hospitali imeniwekea mkalimani wa Kiswahili na mtu wa kuandika maneno kwenye skrini. Kwa hiyo dada, siku hiyo wewe utakaa nje na Nasra.