Boksi la TV: kijiti cha RAM 2 GB au hili la "8K"?

Bint_Mshona
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. TV yetu ni 4K ya zamani kidogo, kioo chake bado kizuri sana, ila mfumo wa ndani umechoka. Ukibonyeza YouTube unasubiri mpaka unasahau ulitaka kutazama nini, na programu kadhaa hazisasishwi tena.

Nimebaki na machaguo mawili ya bei ileile. Moja ni kijiti cha kuchomeka kwenye tundu la HDMI la TV, chenye Google TV (mfumo wa Google wa TV), RAM (kumbukumbu ya kazi) 2 GB, nafasi 8 GB. Jingine ni boksi ambalo jina lake silijui, limeandikwa RAM 8, nafasi 128, "8K", yaani picha kali kuliko 4K. Mtazamaji mkuu ni mama mkwe, na rimoti yenye vitufe vingi humkasirisha. Nakiri zile namba kubwa zinanivuta. Mnasemaje?

Fundi_Waya
Dada, namba za kwenye kasha achana nazo. Hizi boksi nazifungua kila mara, na kilichoandikwa nje mara nyingi sicho kilichomo ndani. Hata zingekuwa kweli, RAM haikupi picha safi ya Netflix.

Netflix na wenzake wanakiuliza kifaa kwanza: umethibitishwa? Kufuli yao kwenye Android inaitwa Widevine. Ngazi ya L1 ndiyo inayofungua HD na 4K. Boksi la L3, ngazi ya chini, kwa kawaida litaishia 480p, picha hafifu, hata ukilichomeka kwenye kioo cha ukubwa wa ukuta. Halafu maboksi mengi ya aina hiyo hayana Android TV, mfumo ambao Google TV yako imejengwa juu yake, yana Android ya simu iliyovishwa sura ya TV. Programu zake zinangoja kidole kiguse kioo, kwa hiyo mama mkwe ataletewa rimoti yenye kishale cha kipanya akikimbize kona hadi kona. Hapo ndipo utajua amekasirika.

RAM 2 GB kwenye mfumo halisi inatosha kutazama. Zile 8 GB za nafasi ndizo zitakubana ukipenda kujaza michezo. Weka programu tano sita unazozitumia, basi.

mtazamaji_kimya
Niongeze la usalama. Juni 2025 FBI ya Marekani ilionya kuhusu BADBOX 2.0: maboksi ya bei nafuu na vifaa vingine vinavyoingia na virusi tangu kiwandani, kisha intaneti yako inatumiwa na wahalifu bila wewe kujua. Boksi likikutaka uzime Play Protect (kinga ya Google dhidi ya programu hatari), au likiahidi chaneli zote za kulipia bure, lirudishe dukani.

Bint_Mshona
Asanteni, kishawishi cha 8K kimekufa. Lakini je, kijiti si kitasumbua kwa intaneti yetu? Ni ya megabiti 20, na ruta iko chumba cha pili. Na kuna anayenisukumia Apple TV, boksi la kampuni ya Apple.

Fundi_Waya
Apple TV 4K ni nzuri sana na haikwamikwami, ila kama nyumba nzima mnatumia simu za Android, faida yake kubwa hamtaiona. Roku, vijiti na maboksi ya kampuni nyingine, nayo ina rimoti rahisi sana, mzee anaizoea haraka.

Megabiti 20 zinatosha. Netflix wanapendekeza 15 kwa 4K na 5 kwa 1080p (HD kamili). Angalia zaidi bando lako: 4K inaweza kula hadi GB 7 kwa saa, HD kama 3. Wi-Fi ikiwa dhaifu, vijiti vingi vinakubali adapta ya waya wa mtandao.

Mawili ya kufunga. Usikiwashe kwa USB ya TV, tumia chaja yake. Matundu mengi ya TV hutoa nusu ampea tu, na kijiti kikikosa umeme kinajizima na kujiwasha katikati ya filamu. Pili, TV za 4K za mwanzo mara nyingine zina tundu moja tu la HDMI lenye HDCP 2.2, kinga ya kuzuia kunakili ambayo filamu za 4K huidai. Ukichomeka kwingine utapata picha ya chini, au kioo cheusi.

Bint_Mshona
Nimechungulia nyuma: HDMI 3 ndiyo imeandikwa HDCP 2.2, na imekaliwa na king'amuzi.

Fundi_Waya
Kihamishie HDMI 1, king'amuzi hakihitaji 4K. Kisha ingia kwenye mipangilio ya TV uwashe HDMI-CEC, ili rimoti ya kijiti iwashe TV na kupandisha sauti. Mama mkwe atabaki na rimoti moja mkononi.