Mtoto wa miaka 4 akipandwa na hasira, kumwambia "vuta pumzi" hakusaidii. Kosa liko wapi?

Mlezi_Makini: Wadau, akinyimwa kitu anajitupa chini na kupiga mateke. Akiambiwa avute pumzi ndefu, ndiyo kwanza anazidisha kelele. Wenye ujuzi wa malezi, tuanzie wapi?

MwalimuAwali: Kosa ni wakati. Hasira ikishapanda hasikii somo, maana sehemu ya mbele ya ubongo inayozuia papara bado ni changa mno. Hukomaa mtu akiwa na miaka 20 na kitu. Pumzi afundishwe akiwa ametulia, dakika mbili tatu kila siku. Mlaze chali, mwekee mwanasesere tumboni. Avute hewa kwa pua ukihesabu hadi 3, aitoe kwa mdomo hadi 5, huku akimtazama mwanasesere anavyopanda na kushuka. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, kwani ndiko kunakotuliza mapigo ya moyo. Wengi huvuta harakaharaka kwa kifua, wakapata kizunguzungu na kulichukia zoezi. Likishamkaa, mkumbushe anapoanza kununa, kabla hajajitupa.

Akiwa ameshalipuka, ondoa vya kumuumiza, chuchumaa karibu naye, sema mara moja tu: "Umekasirika kwa sababu mchezo umeisha. Niko hapa." Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kunakotushinda watu wazima.

Bi_Subira: Naongezea: usimpe anacholilia ili anyamaze. Ukimpa baada ya dakika kumi za kilio, amejua bei ni dakika kumi. Ila usimkataze kulia, kataza kitendo: "Kukasirika ruksa, kupiga watu hapana." Na si kila kilio ni hasira. Mpe maneno mengine: wivu, aibu, woga, uchovu.

Mlezi_Makini: Akinyamaza tuongee papo hapo?

MwalimuAwali: Ngoja apumue kawaida na akutazame mwenyewe. Uliza kilichotokea, mwili ulikuwaje (ngumi zilikunjwa? uso ulipata joto?), na siku nyingine afanye nini. "Kwa nini umefanya hivyo?" iache, atajiona yuko kizimbani.

Andikeni pia saa za milipuko kwa wiki moja. Ikija kabla ya chakula au jioni, chunguzeni njaa na usingizi. Miaka 3 hadi 5 huhitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Akijiumiza, au akilia hadi midomo ikageuka bluu au akazimia, mpelekeni kwa daktari.