Uzi wa nyuzi 16 na unyusi mmoja: yule wa fidla ya kwanza kanikomesha usiku huu

Mtulivu Sana:
Wakuu, naandika viatu bado viko mguuni. Sijala, sijaoga, tai inanikaba na siivui ng'o, maana nikiivua nitakuwa nimekubali kwamba usiku umeisha hivi hivi.

Nimetoka kwenye onyesho la wale wanne. Mnawajua. Na yule wa fidla ya kwanza mnamjua zaidi, yule ambaye nywele zinaanza kupiga kabla yake. Fidla yake ina nyuzi nne, wenzake nao nne nne, jumla nyuzi 16. Zote hizo hazikunigusa. Kilichoniua ni unyusi wake. Mmoja tu. Wa kushoto.

Niliambiwa huu wa wapigaji wachache unaitwa muziki wa chemba. Mimi chemba nilizozijua ni mbili: ya maji taka, na ile ya kuitana pembeni msengenyane. Kumbe ipo ya tatu, ya kukalishwa kwenye ukumbi mkimya uaibishwe mbele ya mama mkwe. Ndiyo, mama mkwe. Nilimpeleka mwenyewe, kwa miguu yangu, nionekane mtu wa maana.

Na nilijiandaa jamani! Shemeji alinionya: usipige makofi sehemu moja ikiisha, subiri ziishe zote. Nikachukua karatasi ya ratiba, nikaona hiyo kazi ya mtunzi Haydn ina sehemu nne. Nikasema nne hata kuku anahesabu. Ya kwanza ikaisha, nikanyamaza. Ya pili, jamaa anatelezesha kidole kwenye uzi kama mlevi anayeshuka ngazi, nikanyamaza. Ya tatu ilikwenda taratibu mpaka ndevu zikaniota, nikanyamaza. Kila sehemu ikiisha watu wanakohoa kama wodi nzima imeruhusiwa, mimi hata mate simezi.

Ikaja ya nne. Mbio mbio. Kuna kawimbo kanatoka, kanarudi, kanatoka, kanarudi, kama mgeni aliyesahau mwavuli. Ghafla wakapunguza mwendo, wakapiga vizito vizito. Nikajua tunafunga. Wapi! Kakarudi kale kawimbo, kipande tu. Kimya. Kipande kingine. Kimya. Kingine. Kimya. Kipande cha mwisho kikafunga vizuri, ka, kama mlango wenye komeo jipya. Pinde zikashuka. Kimya. Kimya kirefu, mende angepiga chafya tungemwambia afya.

Basi nikapiga makofi.

Peke yangu. Kwa nguvu, mikono nimeinyanyua kidogo ili mama mkwe aone kuwa mkwewe anajua mambo. Nilipiga matano, au sita. La sita nililisikia likirudi kutoka ukutani.

Yule mtu hakukasirika. Angekasirika ningemshukuru. Aligeuza shingo polepole kama feni mbovu, akanitafuta gizani, akanipata, akapandisha unyusi. AKAUACHA HUKO JUU. Wakuu, ule unyusi ulikaa hewani nikaiona Jumatatu inapita, Jumanne inapita. Halafu, bila kuushusha, akapiga tena vile vinoti vya mwanzo vya kale kawimbo, sauti ya chini kabisa, kama anamuuliza mtoto, "Umemaliza?" Na hapo ndipo muziki ukaisha kweli. Haukurudi tena.

Ukumbi ukalipuka. Makofi na vicheko. Mimi nimekalia mikono. Mwanzo nilikuwa peke yangu ninayepiga, mwisho nikawa peke yangu nisiyepiga. Mama mkwe akahamisha pochi yake kutoka paja la upande wangu kwenda paja la upande wa pili.

Na wenzake hawakunisitiri. Wa fidla ya pili alizamisha uso kwenye nota, mabega yanatetemeka. Wa ile fidla nene akatazama dari. Mwenye selo, ile fidla jitu inayosimamishwa chini, aliikumbatia kama inataka kuanguka, kumbe anazuia kicheko.

Hawa watu hata mwongozaji hawana! Wanaanza kwa kuvuta pumzi puani, fyuuu, kama wapiga mbizi. Sasa mtu anayeongoza wenzake kwa pua kapata wapi mamlaka ya kuniongoza mimi kwa unyusi? Nataka majibu. Sitalala.

Napita Tu:
Nimeweka kiti hapa. Uzi bila picha ya unyusi ni batili.

Kobe wa Jioni:
Pole sana mkuu, ila nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Huyo namjua. Mimi alinitazama kwa sababu ya zipu ya koti. Zipu! Tangu siku hiyo nahudhuria nimevaa vya vifungo.

Upinde Mkavu:
Mleta uzi, huyo jamaa humdai kitu. Aliyekuaibisha ni Haydn, na alikufa 1809. Hiyo ni kwarteti, yaani kazi ya wapigaji wanne, ya pili kati ya zile sita za opus 33, namba ya kazi zake, aliziandika 1781, na watu wameipa jina la "Mzaha" kwa ajili ya mwisho wake huo huo. Vile vimya vyote viko kwenye karatasi, amevihesabu mzee mwenyewe, na kile kirefu kuliko vyote amekiweka pale ambapo wimbo umeshakamilika, ili mtu aliyejipanga kama wewe ajitokeze. Wapigaji wengi wakifika hapo hushusha pinde kabisa, wanasubiri panya. Mtego una zaidi ya miaka 200, haujabadilishwa hata chambo, na leo umenasa.

Mtulivu Sana:
Sawa profesa. Vimya vimeandikwa, nimekubali. Nionyeshe kwenye hiyo opus 33 palipoandikwa "hapa pandisha unyusi". Nasubiri.

Nimekaa Nyuma:
Hii chai. Makofi sita ndiyo ugundue uko peke yako? Kofi la pili tu mtu mzima anajikausha, anajifanya kaua mbu.

Mtulivu Sana:
Ungekuwa wewe na mama mkwe pembeni ungepiga kumi na mbili.

Napita Tu:
Kaua mbu hahahaha. Mbu sita mfululizo.

Bibi Mkali:
Mwacheni kijana. Makofi hayakuwa dhambi enzi hizo. Mwaka 1778 kule Paris watu walimpigia mtunzi Mozart makofi katikati ya simfonia, kazi ya okestra nzima, sehemu ya kwanza haijaisha, na yeye akamwandikia baba yake barua, roho kwatu. Siku hizi ukigonganisha viganja unatazamwa kama umeingia na mbuzi. Waliotuletea huu unyamavu nao tunawajua, basi tu.

Mtulivu Sana:
Asante bibi. Mozart alipigiwa makofi akaandika barua. Huyu wetu kapigiwa makofi akapandisha unyusi. Tofauti ya malezi hiyo.

Viola Si Fidla:
Nimesoma uzi wote kwa subira mpaka nikafika kwenye "ile fidla nene". FIDLA NENE? Ina jina. Inaitwa viola. Mleta uzi umeandika gazeti zima, fidla umeitaja, selo umeitaja, mende umemtaja, viola hujaitaja hata mara moja. Nyuzi za fidla ni sol, re, la, mi. Viola ni do, sol, re, la, nyuzi zile zile za selo, oktava moja juu, yaani noti zile zile kwa sauti nyembamba zaidi. Na hiyo sehemu ya tatu iliyokuotesha ndevu inaanza na viola na selo peke yao, fidla zote mbili zimefunga mdomo. Hapo ndipo palipokuwa patamu kuliko usiku mzima, na wewe uko bize kuhesabu sehemu kama mchungaji anayeingiza mbuzi zizini. Ulistahili unyusi. Ulistahili nyusi zote nane.

Napita Tu:
Nyusi nane. Uzi umenoga.

Fidla ya Pili:
Viola angalau mna utani wenu, kila mwanamuziki anaujua, mnatajwa. Sisi wa fidla ya pili hata utani hatutungiwi. Nyuzi ni zile zile, jasho ni lile lile, na jina letu ni namba.

Mzee wa Selo:
Mnalia na majina? Mimi nikipanda ndege selo inakatiwa kiti chake. Inakaa dirishani, imefungwa mkanda, haili, haiendi msalani, na mimi nimebanwa katikati. Safari iliyopita mhudumu aliisalimia selo, mimi akanipita.

Viola Si Fidla:
Hata kwenye ndege selo inaonekana. Ndiyo maana nasema.

Mume wa Mtu:
Mleta uzi piga magoti ushukuru. Mke wangu mgonjwa wa hizi kwarteti. Alinipeleka kwenye ile ya pili ya mtunzi Feldman, ya 1983. Ikipigwa yote ni kama masaa sita. SITA. Na muda mwingi ni sauti ya chini, kama watu wanaogopa kumwamsha mtoto. Wewe ulikosea mwisho uko wapi. Mimi kuna wakati sikuwa na uhakika kama mwisho upo.

Kobe wa Jioni:
Na makofi ulipiga?

Mume wa Mtu:
Nilipigwa kiwiko, nikaamka, nikapiga.

Napita Tu:
Mtunzi Stockhausen ndiye alikuwa mtu wa heshima. Mwaka 1995 kule Amsterdam alimpandisha kila mpigaji helikopta yake, wanne angani, watu chini wanaletewa picha na sauti. Pale juu mtu apandishe unyusi mpaka ugonge propela, wewe unakula zako usingizi.

Mtulivu Sana:
Huyo wetu naomba apandishwe, na rubani ashuke. Lakini wakuu hamjanijibu: kwa nini wa kushoto? Wa kushoto ndio uko upande wa fidla. Ina maana aliutoa juu ya chombo kabisa, akaulenga. Na alivyouacha pale! Mtu wa kawaida anapandisha anashusha. Yeye kaupandisha, kaufunga breki.

Nimekaa Nyuma:
Achaneni na wapiga makofi. Adui ni yule anayefungua pipi. Anaifungua po-le-po-le akidhani polepole ndiyo kimya. Krr. Anasubiri. Krr. Anasubiri. Ndugu, rarua mara moja tufe mara moja!

Bibi Mkali:
Hiyo pipi ni yangu, ni ya kifua. Wewe ndiye ulikuwa unapiga mguu chini kushindana na selo?

Nimekaa Nyuma:
Mguu ulikuwa unafuata mapigo.

Fidla ya Pili:
Kutokea jukwaani tulikuwa tunajiuliza ni mapigo ya wimbo gani.

Kobe wa Jioni:
Subiri kwanza. JUKWAANI? Wewe ulikuwa mmoja wa wale wanne?

Fidla ya Pili:
Nimesema jukwaa kwa ujumla.

Mtulivu Sana:
Mabega!! Wewe ndiye mwenye mabega! Ulizamisha uso kwenye nota ukicheka!

Fidla ya Pili:
Nota zilikuwa ndogo.

Viola Si Fidla:
Maadamu tunasemana ukweli: ni nani aliamua selo ikae nje, jirani na watu, viola ifichwe katikati? Viola ikae nje tusikike.

Mzee wa Selo:
Ukikaa nje upande ule wa kulia, matundu ya viola yanaangalia nyuma ya jukwaa. Utakuwa unayapigia mapazia.

Viola Si Fidla:
Afadhali mapazia. Hayapigi makofi mapema.

Upinde Mkavu:
Kuna vikundi vinaweka fidla mbili zikitazamana, moja kila upande, viola na selo katikati. Muziki mwingi wa enzi zile unapendeza ukipangwa hivyo, unasikia fidla zinarushiana maneno. Na kama mngefunga nyuzi za utumbo wa mnyama badala ya hizi za chuma, wala msingegombania kusikika.

Fidla ya Pili:
Za utumbo zinapoteza sauti yake ukumbi ukipata unyevu kidogo tu. Tutakuwa tunarekebisha nyuzi kila baada ya sehemu, na kuna watu humu watapiga makofi tukirekebisha.

Mzee wa Selo:
Hahaha. Usitaje majina.

Mtulivu Sana:
Wakuu, mama mkwe kanitumia ujumbe sasa hivi. Kaandika "Asante kwa jioni". Halafu kuna ile alama ya viganja vinavyopiga makofi. Sita. Nimehesabu mara mbili. Hivi nijibu nini?

Upinde Mkavu:
Za utumbo unazizoea. Tatizo lenu mnataka sauti kubwa, hamtaki sauti nzuri.

Viola Si Fidla:
Viola ya chuma inasikika kama mlango. Hapo nakuunga mkono, ila nje nitakaa.

Mzee wa Selo:
Nje hukai.

Mtulivu Sana:
Wakuu, unyusi?

Viola Si Fidla:
Mleta uzi, usitutoe kwenye mada.