Tupeane uzoefu: Mikataba ya tafsiri inayokufungia wateja

Mfasiri wa Kirumba
Wakuu, habari za jioni. Kuna mdogo wangu yuko Nyegezi, kamaliza chuo juzijuzi, kapata kampuni ya tafsiri ya Ulaya inayotafuta mtu wa Kiingereza na Kiswahili kwenye mambo ya afya. Kaniletea mkataba nimsomee. Bei kwa neno si mbaya. Ila kuna kipengele kinachosema kwamba kwa miaka miwili baada ya kazi ya mwisho asifanye kazi, yeye mwenyewe wala kupitia mtu mwingine, na "mteja yeyote wa Kampuni, wa sasa au wa baadaye". Akikiuka, fidia ni euro elfu kumi kwa kila kosa, na kampuni ina haki ya kuikata kwenye malipo yake yoyote.

Wa baadaye! Yaani shirika lolote likiwapelekea kazi ya Kifini mwakani, huyu kijana huku Mwanza keshafungwa. Na wanaotafsirisha fomu za ridhaa za utafiti na mabango ya chanjo kwa Kiswahili tunawajua, si wengi. Waliokwisha kupambana na vipengele hivi waje watuambie walifanyaje. Majina ya kampuni tuyaache.

Dada wa Malimbe
Asibishane nao miaka. Wengi tunakimbilia hapo, tunaomba miaka miwili iwe mmoja, wanakubali haraka sana, na hujapata kitu. Abishane nao "mteja" ni nani.

Mimi ya kwangu ilikuwa hivyohivyo. Nilimwandikia meneja wao wa miradi kwa adabu kabisa: naomba orodha ya wateja wenu ili nijue nani nisimguse. Akajibu orodha ni siri. Nikamwambia sawa, basi siwezi kuahidi kumkwepa mtu nisiyemjua, tuandike hivi: "Mteja maana yake ni yule ambaye Mfasiri amefanya kazi yake kupitia Kampuni katika miezi kumi na miwili iliyopita, na ambaye jina lake liliandikwa kwenye oda." Walikubali bila kelele. Nadhani hata wao hawakuwa wamekisoma hicho kipengele, huwa kinanakiliwa kutoka mkataba hadi mkataba.

Kitu kingine: kama una wateja wako tangu zamani, watakuambia uwaorodheshe kwenye kiambatisho ili wasihesabiwe. Hapo simama kwanza. Unawapa washindani wako majina ya wateja wako wote, na huenda baadhi yao umewasainia mkataba wa usiri. Mimi niliandika tu "wale ambao Mfasiri alikuwa na uhusiano nao wa kikazi kabla ya tarehe ya mkataba huu, kwa ushahidi wa invoisi au barua pepe".

Dagaa Mchele
"Wa sasa au wa baadaye" 😂 Ni sawa na tajiri wa soko la dagaa la Mwaloni, Kirumba, akuuzie ndoo moja ya dagaa halafu akukataze kumuuzia mtu yeyote atakayewahi kukanyaga Kirumba.

Jirani wa Kisumu
Niko upande wa pili wa ziwa, naomba nichangie. Angalieni mwisho wa mkataba, kile kipengele cha sheria ya nchi gani itatumika, maana majibu yanatofautiana mno.

Huku Kenya tuna sheria yake maalumu, Sura ya 24, inayoiruhusu Mahakama Kuu kukitupa kipengele cha namna hii ikiona kimezidi kiasi, ikizingatia aina ya kazi, eneo na muda. Uingereza nao wanaangalia kama kizuizi ni cha haki na kiasi, msimamo uliotoka kwenye kesi ya Nordenfelt ya 1894. Ujerumani mfanyakazi ukimfunga baada ya kuondoka lazima umlipe angalau nusu ya mapato yake kwa muda huo, na usizidishe miaka miwili, na mahakama zao zimewahi kuupeleka ulinzi huo hata kwa mtu wa kujitegemea ambaye maisha yake yanategemea kampuni moja. California vipengele vya kukataza mtu kazi yake ni batili tangu 1872.

Ila msidanganyike na video zinazosema Marekani nzima imefuta. Tume yao ya biashara ilipitisha kanuni Aprili 2024, na ilikuwa inawahusu hata wa kujitegemea, lakini mahakama ya Texas iliizuia Agosti mwaka huohuo kabla haijaanza. Kila jimbo lina lake.

Mzee wa Kamanga
Ndugu zangu, sheria ni nzuri kuijua, lakini tuulizane: nani atatoka Ulaya kuja kumshitaki kijana wa Nyegezi? Gharama ya wakili tu inaweza kuizidi hiyo fidia. Mahakamani sipaogopi sana.

Ninachokiogopa ni yale maneno ya mwisho aliyoyataja mleta mada, "kuikata kwenye malipo yake yoyote". Hiyo ndiyo yenye meno. Kuna kampuni niliifanyia kazi muda mrefu, wanalipa siku sitini baada ya invoisi, kwa hiyo wakati wote kulikuwa na hela yangu kwao. Siku moja wakaona jina langu kwenye chapisho la shirika fulani, wakasema huyo ni mteja wetu, wakashikilia invoisi zote mbili zilizokuwa zinasubiri. Shirika lenyewe nilikuwa nalo tangu enzi za kazi za ukalimani Musoma. Hawakunishitaki. Hawakuwa na haja, hela wanayo wao! Mimi ndiye niliyetakiwa kuthibitisha, nikatafuta barua pepe za zamani mpaka basi. Walilipa, lakini ada ya shule ya mtoto ilikuwa imeshakopwa kwingine.

Kwa hiyo huyo kijana akiweza kufuta kitu kimoja tu, afute haki ya kukata. Wakigoma, waandike "baada ya kuthibitishwa na mahakama au mwamuzi". Na apeleke invoisi kila kazi inapoisha, asisubiri mwisho wa mwezi, ili deni lisirundikane kwao.

Mama Tafsiri Pasiansi
Mtanichukia, ila mimi ndiyo hiyo "kampuni", ndogo tu, ya hapahapa Mwanza. Nilitafuta mteja mmoja wa migodi Geita karibu mwaka mzima, vikao, zabuni, safari za kupanda na kushuka. Nikampeleka mkalimani kwenye mkutano wa wanakijiji, mtu hodari wa Kisukuma. Chai ya saa nne keshagawa namba yake na bei nusu ya yangu. Mwezi uliofuata sikuitwa.

Kwa hiyo na mimi naweka kipengele. Lakini changu kinasema usimfuate mteja niliyekukutanisha naye mimi, miezi kumi na miwili, basi. Fanya kazi na kampuni nyingine zote unazotaka, hata mshindani wangu wa jirani. Kumzuia mtu asimchukue mteja wako na kumzuia asifanye kazi yake ni mambo mawili, msiyachanganye mkaanza kukataa yote.

Mzee wa Kamanga
Mama hapo nakubaliana nawe asilimia mia. Huyo wa chai ya saa nne hana utetezi.

Mgeni Buswelu
Samahani wakubwa, naomba kuuliza. Kijana mpya akianza kudai marekebisho, si watamwacha wachukue mwingine?

Dada wa Malimbe
Mdogo wangu, wapo watakaomwacha. Mimi wawili walinyamaza moja kwa moja nilipowatumia marekebisho, na mmoja wao alirudi baadaye mwaka huohuo kwa sababu wafasiri wa Kiswahili wanaojua lugha ya madawa si wa kuokota. Kama njaa iko mlangoni, asaini, lakini kwanza atume barua pepe yenye swali moja: "Je, kipengele hiki kinawahusu wateja niliowafanyia kazi kupitia ninyi tu?" Mara nyingi meneja hujibu "ndiyo" bila kufikiri. Hilo jibu alitunze. Si sawa na mkataba, na kama mkataba umeandikwa kwamba wenyewe ndio makubaliano yote uzito wake unapungua, lakini ni bora kuliko mikono mitupu.

Mfasiri wa Kirumba
Mrejesho. Tumetuma maneno ya Dada wa Malimbe na ya Mzee wa Kamanga kwa pamoja. Kwenye "mteja" wamekubali kama tulivyoandika, na miaka miwili wenyewe wameishusha ikawa mmoja bila kuombwa. Haki ya kukata hawajaigusa, wanasema inapelekwa kwa mwanasheria wao. Kijana nimemwambia asisaini kwanza. Wakati huohuo wamemtumia kazi ya majaribio ya maneno mia tatu, bure. Hiyo nayo tutaifungulia uzi wake.